Patriots wachukue Campbell, hayo maneno ya mikono waachane nayo

Nimechoka kubishana, wacha niandike hii kitu mara moja nimalize. Ni Aprili 2025, na usiku wa kuamkia Ijumaa hii, saa tisa yetu, drafti ya NFL, ile ligi ya mpira wa Marekani, inaanza kule Green Bay na timu yangu New England Patriots wako na chaguo nambari 4. Swali ni wachukue nani. Mimi nasema Will Campbell, mtu wa laini (wale wa mbele wanaomkinga mrusha mpira) kutoka chuo cha LSU, na kila mtu ninayekaa naye pale Nakuru Athletic Jumamosi baada ya raga ananiangalia kama nimekula kitu kibaya, ati mikono yake ni mifupi.

Kwa wale mmezoea EPL pekee, twende polepole kidogo. EPL ukimaliza mkiani unashuka daraja unaenda kulia huko chini. NFL hakuna kushuka. Timu ni 32, na ile imemaliza vibaya zaidi ndiyo inapewa nafasi ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuo, kisha ile imefuata kwa ubaya, hivyo hivyo mpaka bingwa anachagua mwisho, raundi 7, mwaka huu ni machaguo 257 jumla. Kijana hachagui timu, timu ndiyo inamchagua, akiitwa na timu ya baridi huko kaskazini basi anunue koti. Hii kitu ilianza 1936 na yule wa kwanza kabisa kuitwa, Jay Berwanger wa University of Chicago, aliitwa na Eagles na hakuwahi kucheza NFL hata dakika moja, kwa hivyo ujue kutoka siku ya kwanza kabisa imekuwa kamari.

(Green Bay yenyewe by the way ni kamji kadogo, Nakuru inaishinda watu mbali sana, na bado wako na timu na sasa wamepewa drafti nzima. Sisi Nakuru tuko city tangu 2021 na bado tunangoja vitu vingi. Haya, turudi.)

Sasa hiyo nambari 4 yenyewe ni kidonda. Patriots walikuwa na msimu mbaya, wameshinda mechi 4 wamepoteza 13, na wangepoteza ile ya mwisho na Bills mwezi wa kwanza wangekuwa wanachagua wa kwanza kabisa. Bills hawakuwa na haja na hiyo mechi, walikuwa wameshapata nafasi yao ya mtoano, wakapumzisha watu. Na vijana wetu wakaamua siku hiyo ndiyo siku ya kuonyesha wanajua mpira. 23 kwa 16, tumeshinda! Titans wakachukua nafasi ya kwanza, sisi tukarushwa mpaka nne, na kocha Jerod Mayo akafutwa kazi siku hiyo hiyo masaa machache baada ya kushinda. Binamu yangu anayesoma Egerton alicheka mpaka akatoka nje, yeye ni mtu wa Chiefs kwa hivyo hayo maumivu hayajui.

Kocha mpya ni Mike Vrabel, na huyo namheshimu, amechezea Patriots 2001 mpaka 2008, ako na pete tatu za ubingwa, na alikuwa mlinzi lakini alidaka tachidauni (bao lao) kwa Super Bowl mbili, yaani fainali za ligi. Mtu kama huyo anajua mechi inashindwa wapi.

Inashindwa mbele. Hapo ndipo ugomvi wangu wote uko.

Tuko na kotabeki, yule anayerusha mpira. Drake Maye, tulimchukua wa tatu mwaka jana kutoka North Carolina, kijana ako na mkono, ako na miguu, ako na roho. Na mwaka wake wa kwanza ameangushwa mara 34, na hata hakuanza mechi zote. Kila wiki nikifungua vipande YouTube naona kitu ile ile, anashika mpira, anaangalia juu, na tayari kuna mtu wa kilo 120 anapumua shingoni mwake. Ule upande wa kushoto ndio mbaya zaidi, na kushoto ndio upande wa mgongo wake juu yeye anarusha na kulia, hawezi ona anayekuja. Kulia wamemleta Morgan Moses, mzee wa miaka 34, sawa, anaweza shikilia hapo. Kushoto hakuna mtu. Nasema hakuna, msiniletee majina ya mwaka jana.

Na kama mtu anataka ushahidi mwingine si tuliangalia Super Bowl pamoja mwezi wa pili? Eagles 40, Chiefs 22, na hiyo 22 ni ya huruma, nyingi zilikuja watu washaanza kuvaa makoti. Mahomes, kotabeki wa Chiefs, huyu huyu Mahomes mnaniambia ni mchawi, aliangushwa mara 6. Kwa nini? Juu Chiefs hawakuwa na mtu wa kushoto, wakamtoa Joe Thuney ndani ya laini ambako ni kazi yake wakamweka nje. Thuney ni mzuri sana, alikuwa wetu kabla aende huko, lakini ile haikuwa nafasi yake na Eagles walijua. Kotabeki bora duniani alikaa chini usiku mzima. Sasa Maye mtoto wa miaka 22 atafanya nini?

Haya, tuanze na hao wengine wanaotajwa, juu sitaki mseme sijawapa nafasi.

Titans watachukua Cam Ward wa Miami, hapo hakuna mjadala, hawana kotabeki. Wanaobaki juu kabisa ni Travis Hunter wa Colorado na Abdul Carter wa Penn State. Hunter ni maajabu, anacheza risiva, yaani mdaka mipasi, na bado anacheza beki wa pembeni, mechi nzima hatoki, mwaka jana amedaka mipasi 96, yadi 1,258, tachidauni 15, na upande ule mwingine akaiba mipira 4, akapewa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo. Carter ni mtu wa kuangusha makotabeki, ameangusha mara 12. Mmoja wao akifika nne mimi nitanyamaza kabisa, mchukueni, nitapiga makofi. Lakini Browns wako mbili na Giants wako tatu, na hao si wajinga kiasi hicho. Kuna jamaa, fundi wa simu huko Kenyatta Avenue, yeye anasema tupande, tuwape Browns chaguo letu pamoja na la mwaka ujao ndio tumpate Hunter. Boss, timu imeshinda mechi 4! Mtu ako na mashimo kumi kwa paa huwezi uza mabati ununue televisheni.

Ashton Jeanty. Hapa ndipo kelele iko juu zaidi na naelewa, mimi pia nimeangalia zile video zake zote mpaka bando ikaisha. Mkimbiaji wa Boise State, mwaka jana alikimbia yadi 2,601, alibakisha 27 tu kufikia rekodi ya Barry Sanders ya 1988 ambayo ni 2,628. Watu wanasema Sanders alifanya hiyo kwa mechi 11 na Jeanty kwa 14, ni kweli, lakini 2,601 ni 2,601. Kijana anagongwa na haanguki, watu watatu wanamshika na bado anaenda. Na hoja yao kubwa ni Saquon Barkley, si mmeona vile Eagles walimchukua Saquon na akakimbia yadi 2,005 na wakashinda kombe?

Ndio nimeona. Sasa niulize nyinyi, Saquon alikuwa wapi kabla? Alikuwa Giants, walimchukua wa pili 2018, miaka sita ako hapo, na alikuwa Saquon huyu huyu, mapaja yale yale. Giants walimwekea laini ya karatasi akawa anagongwa kabla hata ageuke. Akaenda Eagles akakuta ukuta, Mailata kushoto, Lane Johnson kulia, mwaka wa kwanza tu akavuka 2,000. Mkimbiaji hakubadilika, watu wa mbele ndio walibadilika. Hiyo mfano wenu ya Saquon ni yangu, asanteni.

Risiva nao. Tetairoa McMillan wa Arizona, mrefu, anadaka kila kitu, yadi 1,319 mwaka jana. Binamu yangu anamtaka kwetu, na mtu wa Chiefs akikushauri kitu uliza kwanza anafaidika nini. Mimi jina la risiva mrefu kutoka chuo cha Arizona likitajwa karibu na Patriots natetemeka. 2019 tulichukua N'Keal Harry wa Arizona State chaguo la 32, mrefu hivyo hivyo, na nyuma yake bado walikuwepo Deebo Samuel aliyeenda 36, A.J. Brown 51, na DK Metcalf 64. Sitasema zaidi. McMillan hana makosa ya Harry, najua si haki kumhukumu hivyo, lakini moyo umekataa. Na tayari wamemleta Stefon Diggs, goti lake likipona tutaona.

Mason Graham wa Michigan, mlinzi wa katikati, ni mzuri lakini pesa ya hapo imeshatumika, Milton Williams amepewa dola milioni 104 kwa miaka minne. Tupite.

Sasa mikono. Mungu wangu hii mikono.

Campbell alienda kombaini, yale majaribio ya kupima vijana kabla ya drafti, kule Indianapolis wakampima mkono ukapatikana inchi 32 na 5/8. Na kwa hao maskauti wanaotafuta vipaji mtu wa kusimama nje kwa laini anatakiwa awe na 33 kwenda juu, kwa hivyo kutoka siku hiyo kijana aliyeanza mechi LSU upande wa kushoto miaka mitatu mfululizo, tangu siku ya kwanza akiwa fomu one wa chuo, kwa ile ligi ya vyuo ya SEC yenye wanaume kweli kweli, ghafla hajui kazi. Baadaye wakampima tena kwao LSU ukasoma 33, sasa sijui mkono ulikua ama tepu ndio ilikuwa na njaa. Ati ahamishwe ndani. Ati hawezi fikia mtu. Hata nusu inchi haifiki! Hiyo haifiki upana wa kidole.

Mkono mrefu una maana, sikatai. Wewe ukimshika mwenzako kifuani kabla yeye akushike umeshinda, na mwenye mkono mrefu anashika kwanza. Kuna mzee tunakaa naye Athletic alikuwa propu, mtu wa mbele wa skramu, wa timu ya raga ya Nakuru zamani sana kabla tuchukue zile Kenya Cup za 2013 na 2014, hajui sheria hata moja ya NFL lakini nilimwonyesha Campbell kwa simu, hakuniuliza mkono, aliuliza tu "rudisha nione miguu." Nikarudisha. Akaangalia kama mara nne hivi, akasema huyu haachi ardhi, angalia makalio yake yako chini na miguu haivukani, huyu humsukumi. Mimi hiyo niliichukua kama cheti.

Na kama hamtaki propu wa Nakuru basi chukueni Joe Thomas. Browns walimchukua wa tatu 2007, mkono wake ulipimwa inchi 32 na nusu, mfupi kuliko wa Campbell. Alicheza snap 10,363 mfululizo bila kutoka uwanjani (snap ni kila mara mpira unapoanzishwa), kwa timu mbovu, makotabeki wakibadilishwa kila mwaka kama wapangaji, na 2023 wakamweka Hall of Fame, ukumbi wa magwiji. Sisemi Campbell ni Joe Thomas, msianze. Nasema tepu haikumwona Joe Thomas.

Dada yangu, ambaye kusema ukweli ndiye mwenye akili kutushinda wote, aliuliza swali moja ambalo lilinitoa jasho. Kama unataka mtu wa laini kwa nini si Armand Membou wa Missouri? Mikono ni 33 na nusu, ana kilo 150 na alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.91, mtu wa kilo 150! Ukisimama Pipeline kwa barabara na umwone anakuja hivyo unaruka mtaro. Hapa nitakuwa mkweli, Membou anaweza kuja kuwa bora kuliko Campbell, dari yake iko juu zaidi. Lakini chuo chote amecheza kulia, na sisi shida yetu iko kushoto, na kubadilisha upande si kama kubadilisha kiti, miguu yote inageuka, uzito unageuka, ile hatua ya kwanza ya kurudi nyuma umeifanya mara elfu na mguu huu sasa ufanye na ule mwingine, na unajifunza hiyo huku Maye akiwa nyuma yako anakuombea. Vrabel akimtaka Membou sitaandamana. Lakini mimi nataka mtu ambaye Septemba anafika anasimama kushoto na tunasahau hiyo maneno miaka kumi.

Dada pia ndiye analeta hiyo ya kushuka, yaani tumuuzie mtu nambari 4, tushuke mpaka nane au tisa, tupate machaguo zaidi na labda Campbell bado ako. Kwa karatasi ni akili nzuri. Lakini nikamkumbusha mwaka jana, tulikuwa na chaguo la 34, tukawauzia Chargers tukashuka mpaka 37, hatua tatu tu, wao wakamchukua Ladd McConkey sisi tukamchukua Ja'Lynn Polk. McConkey amemaliza na yadi 1,149. Polk 87. Hapana, hiyo si ya mechi moja, ni ya msimu mzima, themanini na saba. Sasa nani ananiambia tucheze tena huo mchezo wa kushuka? Ukijua mtu unayemtaka mchukue.

Kuna swali lingine huwa naulizwa na wale vijana wa raga, kama na sisi tunaweza kuingia hiyo drafti. Kuingia NFL imewezekana, Daniel Adongo alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013, Mkenya wa kwanza, ingawa hiyo ilikuwa kusajiliwa moja kwa moja si kuchaguliwa. Ya drafti mwangalie Jordan Mailata niliyemtaja hapo juu. Mtu wa ligi ya raga Australia, hajawahi cheza huu mchezo hata shule, akapelekwa na ule mpango wao wa wachezaji wa kimataifa, Eagles wakamchukua 2018 chaguo la 233, raundi ya mwisho, watu wakacheka. Saa hii ni mmoja wa watu bora wa laini upande wa kushoto duniani na ako na pete ya mwezi wa pili. Nikiangalia vijana wengine wanatoka Kakamega na Bungoma wakishuka kwa ile raga ya wachezaji saba ya Prinsloo hapa kwetu Nakuru, mabega kama mlango, najiuliza nani anawapima mikono. Hiyo nitaiandika siku nyingine, ni ndefu na inanikasirisha.

Sasa wale bado mnalia Jeanty, sikilizeni mpango, juu siko hapa kuwanyima mkimbiaji. Mwaka huu wakimbiaji wamejaa kama matunda ya msimu, haina haja kumchukua wa nne. Sisi tuko na chaguo la 38 kwa raundi ya pili, na hapo Ohio State wako na wawili, TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins, walisaidiana wakabeba ubingwa wa vyuo mwezi wa kwanza wakipiga Notre Dame 34 kwa 23. Mmoja wao nina uhakika anafika huko. Mimi nachagua Henderson, mwaka jana alikimbia yadi 1,016 na alikuwa anapata zaidi ya 7 kila akishika mpira, halafu kitu ambacho hakionekani kwa video za kushangilia, anasimama mbele ya kotabeki wake anagonga watu wanaokuja, tena anagonga kwa hasira. Campbell kushoto, Henderson hapo nyuma, Maye katikati akipumua. Raundi ya tatu tuko na 69 na tena 77 tuliyopata kwa Falcons walipomchukua mlinzi wetu Judon, hapo ndio mtafute risiva yenu na mtu mwingine wa laini wa ndani, risiva wa raundi ya tatu wapo na wengine wanakuja kuwa wazuri.

Nne itaitwa karibu saa tisa na nusu hivi kama hakuna anayeuza nafasi, juu raundi ya kwanza mwaka huu kila timu inapewa dakika 10. Stima ikiwepo tutakuwa kwangu, binamu ameshasema analeta mutura, mzee wa propu amesema atakuwa amelala lakini tumwamshe ikifika ya Campbell.